Mashine Inasema Una Miaka 53: Umri wa Mwili ni Nini, na Unapunguzwaje?

Kwenye jimu nyingi za Nairobi, na hata kwenye mahema ya upimaji wa afya yanayosimamishwa nje ya makanisa na maduka makubwa, kuna mzani wa kielektroniki unaotoa karatasi yenye mstari mmoja unaowakera watu kuliko mingine yote: umri wa mwili. Mtu wa miaka 41 anavua viatu, anapanda, anashika vishikio viwili, na baada ya muda mfupi anaambiwa mwili wake una miaka 53. Wengine hutoka hapo kwenda kununua chai ya kusafisha tumbo, vidonge vya kolajeni, au uanachama wa mwaka mzima wa jimu ambayo kufikia Machi hawaikanyagi tena.

Ukweli ni kwamba mashine ile haisomi umri wowote. Inapitisha umeme hafifu sana mwilini. Misuli ina maji mengi, kwa hiyo umeme hupita kwa urahisi. Mafuta yana maji machache, kwa hiyo huuzuia. Kutokana na kizuizi hicho, pamoja na kimo, uzito na umri uliojazwa, mashine inakisia una misuli kiasi gani na mafuta kiasi gani, kisha inakulinganisha na wastani ambao mtengenezaji aliuweka kwenye hesabu yake. Ukipimwa baada ya kutoka jasho jingi au baada ya kunywa lita nzima ya maji, jibu hubadilika. Karatasi hiyo ina faida moja ndogo: ukitumia mashine ileile, saa ileile, kila baada ya miezi mitatu, utaona unakoelekea. Kuitumia kama hukumu ni kujidhulumu bure.

Basi tutenganishe vitu vitatu ambavyo huchanganywa. Kuna umri wa kitambulisho, ambao hauna mjadala. Kuna umri wa mwili, yaani hali ya viungo vyenyewe: mishipa ya damu imekakamaa kiasi gani, moyo unasukuma damu kwa nguvu gani, misuli na mifupa imebaki kiasi gani. Wanasayansi wana njia kadhaa za kuukisia, ikiwemo ya kusoma alama za kemikali zinazokaa juu ya chembe za urithi, ambayo Steve Horvath aliitangaza mwaka 2013. Inasaidia utafiti, lakini haiwezi kukuambia kesho ufanye nini. Halafu kuna umri unaouhisi: kufika juu ya daraja la kuvukia Thika Road ukihema, kuinuka kwenye kochi kwa kusukuma magoti, kulala na kuamka umechoka, kondakta akikuita "mzee" na ukaona hajakosea. Huu wa tatu ndio unaowasumbua watu, na habari njema ni kwamba ndio unaobadilika upesi zaidi.

Akiba, si miaka

Tunachokihisi kama uzee, mara nyingi, ni kupungua kwa akiba. Fikiria ploti yenye tangi la lita 10,000 juu ya paa. Mgao wa maji ukifika na mfereji ukakauka siku mbili, wapangaji wanaendelea kuoga bila hata kujua. Ploti ya jirani yenye tangi la lita 500 itakuwa inatafuta mitungi jioni ya siku ya kwanza. Mgao ni uleule, mtaa ni uleule. Tofauti ni tangi. Mwili nao, ngazi za ofisini hazijaongezeka tangu ulipokuwa na miaka 25, na unga bado unauzwa kwa pakiti ya kilo mbili. Kilichopungua ni kiasi ulichonacho zaidi ya kile ambacho siku inakudai.

Akiba hiyo ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni misuli: baada ya miaka 30 mtu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, na kasi huongezeka baada ya 60. Ya pili ni pumzi, yaani uwezo wa moyo, mapafu na misuli kuchukua oksijeni na kuitumia. Kwa mtu asiyefanya mazoezi hupungua kwa karibu asilimia 10 kila miaka kumi. Kwa anayejituma, upungufu unaweza kuwa nusu ya huo.

Sasa swali ambalo watu hawaliulizi: katika upungufu huo, miaka ina lawama kiasi gani, na kukaa bila kutumia mwili kuna lawama kiasi gani? Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza vijana watano wa miaka 20 kitandani kwa wiki tatu mfululizo. Walewale wakapimwa tena mwaka 1996, wakiwa na miaka 50. Pumzi yao ilikuwa imeporomoka zaidi katika zile wiki tatu za kitandani kuliko katika miaka 30 iliyofuata. Kisha wakapewa mazoezi ya kadiri kwa miezi sita, na wakarudi pale walipokuwa kabla ya kulazwa, wakiwa vijana. Watu watano ni wachache, ndiyo, lakini ni nadra kupata kundi lililofuatiliwa muda mrefu namna hiyo. Kwa upande wa misuli kuna jaribio la Boston lililochapishwa mwaka 1990: wazee wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye miaka 86 hadi 96, walifanya mazoezi ya uzito ya miguu kwa wiki nane. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa hiyo anayesema mtu akishapita 50 uzito ni hatari anageuza mambo. Hatari kubwa ni kutobeba chochote.

Jipime bila mashine

Chukua kiti cha kawaida kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kaa, kunja mikono kifuani, kisha simama wima na ukae tena, mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Kwa mwanamume wa miaka 60 hadi 64, chini ya mara 14 ni dhaifu. Kwa mwanamke wa umri huo, chini ya 12. Ukiwa na miaka 42 na hufikii hapo, umejua kazi inaanzia wapi.

Kisha simama kwa mguu mmoja, karibu na ukuta, uhesabu sekunde kumi. Utafiti wa Brazili uliochapishwa mwaka 2022, uliohusu watu wa miaka 51 hadi 75, ulionyesha kwamba walioshindwa kufikisha kumi walifariki kwa wingi zaidi katika miaka saba iliyofuata. Haimaanishi mguu ndio unaoua. Usawa wa mwili huonyesha mambo mengi kwa pamoja, kuanzia misuli hadi neva na macho.

Cha tatu, kata uzi wenye urefu sawa na kimo chako, ukunje katikati uukate nusu, kisha nusu moja uizungushe tumboni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi, hata kama mzani unakusifu.

Cha nne ni presha, na hiki usikiruke, kwa sababu presha haiumi. Nyingi hupimwa vibaya: mtu amepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, amebanwa na mkojo, amekunja nne, na mkono unaning'inia. Kaa dakika tano kwanza, nyayo zote sakafuni, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiwe umekunywa chai au kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti, mwone daktari. Mazoezi hushusha presha, lakini hayachukui nafasi ya dawa ulizoandikiwa.

Na kabla ya kuutwika umri lawama za uchovu, pima damu. Upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo na sonona vyote hujifanya uzee. Wanawake wanaokaribia kukoma hedhi huambiwa "ni miaka tu" wakati wana upungufu wa damu unaotibika kwa miezi michache.

Mwili hauimariki wote kwa kasi moja

Hapa ndipo mipango mingi ya Januari hufia, na si kwa sababu watu ni wavivu. Ukianza mazoezi, kiasi cha damu mwilini huanza kuongezeka ndani ya wiki mbili za mwanzo, kwa hiyo pumzi huhisi nafuu mapema. Nguvu nazo huongezeka katika wiki mbili hadi nne, lakini misuli yenyewe bado haijakua; ni ubongo na neva vinavyojifunza kuiamsha vizuri. Misuli huanza kukua kwa kuonekana baada ya wiki sita hadi nane. Kano zinazoshikanisha misuli na mifupa zina mishipa michache ya damu, na hujijenga polepole kuliko vyote, kwa miezi.

Matokeo yake ni mtego. Wiki ya nne mtu anahisi ana nguvu za ajabu, anaongeza mbio kutoka kilomita mbili hadi sita, na pumzi inamkubalia. Kano hazijakubali. Wiki ya sita muundi unauma, goti linauma, kisigino kinachoma akishuka kitandani asubuhi. Anapumzika wiki mbili, na hizo wiki mbili zinakuwa mwaka. Dawa yake ni kuongeza kidogo wakati unapohisi unaweza kuongeza sana: dakika tano zaidi kwa wiki, si kilomita nne.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kadiri kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Mwendo wa kadiri ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. (Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, aliyehamia juzi kutoka Mombasa asishangae kuhema mapema, hewa ya huku ni nyepesi.) Dakika 30 kwa siku tano zinatosha kuanzia. Anayefanya kazi Upper Hill na kupandia gari Kencom anaweza kuzipata kwa kushuka kwa miguu jioni, na hiyo ni saa ambayo matatu zenyewe hazisongi.

Vipi kuhusu hatua 10,000? Idadi hiyo ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si na maabara. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 kuhusu wanawake wenye wastani wa miaka 72 uliona kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wa 2,700, na faida ikatulia karibu na 7,500. Na tuseme wazi: ushauri mwingi wa afya huandikiwa watu wa ofisini. Anayetoka Kibera kwa miguu kila alfajiri kwenda Industrial Area, au anayepakua mizigo Gikomba, hana deni la hatua. Deni lake liko kwenye usingizi, protini na presha ambayo hajawahi kupimwa.

Mazoezi ya nguvu hayahitaji jimu. Siku mbili zisizofuatana, kwa mfano Jumanne na Jumamosi, fanya hivi: kukaa na kusimama kwenye kiti mara 8 hadi 12, kusukuma ukuta, halafu wiki zikienda kusukuma ukingo wa meza imara, kuinuka kwa vidole vya miguu ukishika mlango, na kubeba mitungi miwili ya lita tano, mmoja kila mkono, ukitembea sebuleni au koridoni kwa nusu dakika. Pumzika dakika moja au mbili, kisha rudia, ili mizunguko iwe miwili kwa jumla. Katika kila zoezi, mara mbili za mwisho ziwe ngumu, lakini uishie ukiwa bado ungeweza mbili zaidi. Ukifikisha 12 bila shida, ongeza ugumu: shuka kwenye kiti kwa kuhesabu hadi nne, au hama kutoka lita tano hadi kumi. Wengi hukosea kwa kufanya mara 50 za kitu chepesi miezi sita mfululizo, kisha wanashangaa misuli haijabadilika.

Sufuria na kikombe

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kila mtu ana shangazi mtaalamu wa lishe.

Chai za kupunguza tumbo: nyingi zina sena, mmea unaoharisha. Mwili huhifadhi sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika karibu gramu tatu za maji. Ukijinyima siku tatu huku unaharisha, kilo mbili zitaondoka, karibu zote maji, na zitarudi na ugali wa kwanza. Sumu huondolewa na ini na figo, bila kulipwa. Kolajeni ukiimeza humeng'enywa kama protini nyingine yoyote. Haina ramani ya kuipeleka usoni.

Protini ndiyo inayosahaulika. Mtu anayejenga misuli, hasa aliyepita 60, anahitaji karibu gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 70 anatafuta gramu 70 hadi 84 kwa siku. Chai na mkate asubuhi, chipsi mchana, ugali na sukuma usiku havifiki hata karibu. Mayai mawili yana gramu 12, kikombe cha maharagwe au ndengu zilizopikwa karibu 15, glasi ya maziwa 8, gramu 100 za nyama iliyopikwa karibu 25. Omena ni protini ya bei ya chini na kalsiamu juu yake. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze kabla ya kumuuliza daktari. Wala ugali hauna kosa, hata ule wa usiku unaosemwa kunenepesha. Kosa ni mlima wake na kijiko kimoja cha kunde pembeni. Geuza sahani: nusu mboga, robo ugali, robo kitoweo. Usiku au mchana, hesabu ni ileile.

Sukari ya chai inastahili hesabu yake. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linasema kubaki chini ya takriban gramu 25 kwa siku huleta faida zaidi. Usiache yote Jumatatu. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi huzoea na baada ya miezi miwili au mitatu kikombe cha zamani kitakuwa kama sharubati. Chumvi ni vivyo hivyo, chini ya gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile ya vibonge vya mchuzi, krispi na soseji za barabarani.

Usingizi wa mji wa msongamano

Kwa wakazi wengi wa Rongai, Kitengela au Githurai, ningeanzia hapa kabla ya mazoezi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Anayeamka saa kumi na nusu alfajiri ili apite msongamano na analala saa tano na nusu usiku anapata saa tano. Mwili usiolala huongeza njaa na hupunguza uwezo wa kudhibiti sukari, kwa hiyo mandazi ya saa nne asubuhi si udhaifu wa tabia.

Saa ya kuamka imeshapangwa na barabara, basi kinachobaki ni kuvuta saa ya kulala nyuma, dakika 15 kila wiki, hadi ifike saa tatu na nusu. Nusu ya kafeini ya chai huwa bado imo mwilini hata baada ya takriban saa tano kupita, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana. Bia humlaza mtu haraka na kumwamsha saa tisa usiku. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, hata akipata usingizi wa saa tisa nzima, ataamka amechoka. Huyo anahitaji hospitali, si mto mpya.

Siku 21 na Desemba

Imani kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21 ilitokana na maneno ya daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, mwaka 1960, kuhusu wagonjwa kuzoea sura zao mpya. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipopima, waliona wastani ni siku 66, na watu walitofautiana kutoka 18 hadi 254. Kunywa maji huzoeleka mapema, mazoezi huchelewa. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Hata hivyo, usikose zaidi ya siku mbili mfululizo, hasa kama una sukari, kwa kuwa nafuu ya zoezi moja kwenye sukari ya damu huisha kwa takriban siku moja hadi tatu.

Zoea hushikamana na mahali na saa: ukishuka steji, ukiweka sufuria ya chai. Ndiyo maana Desemba huvuruga kila kitu. Ushago hakuna ile steji wala kile kiti, na kuna mbuzi. Tafuta kishikizo kingine kabla ya kusafiri, kwa mfano mazoezi ya nguvu mara tu baada ya kuswaki. Wenye maumivu ya kifua, kizunguzungu wakijitahidi, au wanaotumia dawa za kisukari za insulini au glibenclamide waongee na daktari kabla ya kuongeza mwendo wowote, mjini au mashambani, kwa sababu dawa hizo zikikutana na mazoezi sukari inaweza kushuka ghafla. Ukirudi Januari, anza na mzunguko mmoja badala ya miwili kwa wiki ya kwanza, na nusu ya dakika za kutembea. Misuli iliyowahi kujengwa hurudi kwa muda mfupi kuliko ilivyochukua mara ya kwanza, ila kano hazina haraka hiyo, kwa hiyo wiki ya pili usilipie siku ulizokosa.